Breki Hazikugoma: Maisha ya Pu Dengzika (1961–2024)

Wasifu uliosomwa makaburini na dada yake mdogo, Pi Hmingi, Jumatano tarehe 20 Novemba 2024, Aizawl

Pu Dengzika alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji cha Hmuntlang, upande wa Champhai, mtoto wa kiume wa mwisho wa marehemu Pu Thanglura na marehemu Pi Kaithuami. Huo ni mwezi wa kuchoma mashamba ya mlimani, na mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alifungua macho akakutana na moshi, ndiyo maana alilia mfululizo mpaka akatimiza miaka miwili. Mwaka 1967 wanakijiji walihamishwa na jeshi kwa nguvu na kupangwa kandokando ya barabara kuu, na nyumba zao za zamani zikatiwa moto. Dengzika alikuwa na miaka sita. Hapo kando ya barabara ndipo alipoliona gari kwa mara ya kwanza, lori la jeshi, na siku hiyo hiyo akaliona likimgonga mbwa wa jirani na kuendelea na safari zake kama vile hakuna kilichotokea. Watu hushangaa wakiambiwa hivi, lakini ndugu zake tunajua: Dengzika hakuwahi kuyapenda magari. Aliyaogopa tangu siku ile, na woga huo ndio uliomfanya awe dereva mzuri.

Alianza shule mwaka 1968 katika makazi hayo mapya, akasoma hadi darasa la nane. Hesabu aliziweza, kuimba kwa noti aliwapita wenzake wote, kukaa kimya darasani kulimshinda kabisa. Mwaka 1976 baba alifariki kwa kifua kikuu, na Dengzika, kijana wa miaka kumi na mitano, akaacha shule bila kusukumwa na mtu. Alimwambia mama, "Huyu mdogo wangu asome. Mimi nitatafuta pa kushika." Huyo mdogo alisoma, na ndiye anayewasomea leo.

Pa kushika palikuwa nyuma ya lori. Kwa miaka kadhaa alikuwa utingo kwenye malori ya kabeji na tangawizi yaliyotoka Champhai kuja Aizawl, kazi yake kubwa ikiwa kuruka chini kila lori liliposimama mlimani na kukinga tairi kwa jiwe. Alipata leseni mwezi Juni 1983. Tarehe 2 Oktoba 1985 kaka yetu mkubwa, Zakhuma, aliyekuwa abiria tu, alikufa ndani ya lori lililokuwa likishuka mlima. Dereva alikuwa ametoa gia ili abane mafuta, akazitegemea breki peke yake, zikaungua. Dengzika ndiye aliyeteremka bondeni kwa kamba kwenda kumtoa kaka yake. Alichokiona kule hakumsimulia mtu, hata mke wake hakuambiwa. Aliporudi juu alisema maneno machache tu, kwamba mlima uliopanda kwa gia ya pili uushuke kwa gia ya pili, na maneno hayo akayarudia maisha yake yote, kwa kila mtu, mpaka watu wakamchoka.

Kuanzia mwaka 1991 aliendesha gari lake mwenyewe la abiria, Aizawl hadi Champhai na kurudi. Kwa miaka thelathini hakuua mtu, hakujeruhi mtu, hata nguruwe hakugonga. Alikuwa na mwendo wa pole kiasi cha kukera. Abiria walimtania, "Pu Deng, leo tutafika au tuandike wosia?" Naye akawajibu, "Andikeni, lakini fungeni mikanda kwanza." Wenye haraka walipanda magari ya wengine. Wenye watoto wachanga walimngoja yeye.

Tarehe 5 Februari 1988 alimwoa Rozami, binti wa Pu Chawngbuaia. Rozami ni fundi wa kufuma puan, zile nguo zetu za kujifunga, na nyingi mnazovaa leo zimetoka mikononi mwake. Walifahamiana kwenye kwaya, yeye akiimba sauti ya nne na Rozami sauti ya kwanza. Asubuhi ya harusi bwana harusi alifika na gari la kuazima, amevaa shati jeupe jipya. Bibi harusi akapanda, wazee wakapanda, mlango ukafungwa, kisha bwana harusi akatoweka. Walipomtafuta walimkuta amechuchumaa nyuma ya gari anapapasa tairi. Rozami akatoa kichwa dirishani na shela lake.

"Deng! Leo unanioa mimi au unaoa tairi?"

"Nakuoa wewe. Ndiyo maana nalikagua."

Wazee walicheka mpaka wakapaliwa na tambuu. Kwenye picha ya harusi, iliyoko sebuleni kwao mpaka leo, ukitazama vizuri utaona mkono wa kulia wa lile shati una grisi.

Katika ndoa hiyo Rozami alifundishwa kazi ambayo hakuna shangazi aliyemtajia kabla ya harusi. Kutoa hewa kwenye breki kunataka watu wawili, mmoja chini ya gari na mmoja kwenye pedali, na Dengzika hakumwamini utingo yeyote kwa kazi hiyo. Basi kila baada ya miezi michache majirani waliwasikia wakipigiana kelele pale barabarani mbele ya nyumba. "Kanyaga!" "Nimekanyaga!" "Shikilia!" "Nimeshikilia, fungua basi, mguu unakufa ganzi!" "Achia!" Jirani mmoja mgeni aliwahi kutoka mbio akidhani wanapigana. Rozami alilalamika kila mara, na kila mara alikwenda. Alisema kwamba ukikanyaga kwa mguu wako mwenyewe ukasikia pedali imekuwa ngumu kama inavyotakiwa, usiku unalala.

Mama mkwe wa Dengzika, marehemu Pi Lianzuali, ndiye aliyempa kazi zaidi. Mkanda wa usalama ulipoanza kudaiwa ndani ya gari lile, bibi huyu aliweka ngumu.

"Nifungwe kamba kama nguruwe anayepelekwa sokoni? Mimi? Mkwe gani wewe usiye na adabu?"

"Mama, nguruwe hafungwi mkanda, anafungwa miguu."

"Ala! Kumbe unanijibu!"

Dengzika hakubishana tena. Alizima gari, akatoa tambuu mfukoni, akaanza kutafuna, akitazama milima. Krismasi ilikuwa inawangoja kijijini, nyama ya moshi ilikuwa imefungwa juu ya gari, watoto walikuwa wanalia. Alitafuna ya kwanza, akatafuna ya pili. Alipotoa ya tatu bibi akasema, "Nifunge, nifunge, laana we!" Akafungwa. Baada ya hapo alikuwa akiwakemea wengine kabla dereva hajafungua mdomo.

Mwaka 2019 taa za magari yanayokuja zilianza kumtawanyikia machoni. Hakungoja kuambiwa na mtu, aliacha kuendesha usiku siku ile ile. Mwaka 2021, alipofikisha miaka sitini, aliacha kabisa kubeba abiria, akabaki na gari lake kwa safari za familia. Ndipo alipoanza ile kazi ya Jumamosi ambayo mtaa mzima unaijua. Walioamua kwenda vijijini na watoto wao walileta magari pale kwenye kiwanja cha kanisa, naye akayazunguka moja moja, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu. Hakutoza kitu zaidi ya chai.

Upepo upime asubuhi, alikuwa akisema, gari likiwa halijatembea, kwa sababu tairi la moto linadanganya. Mafuta ya breki yakipungua usiyaongeze tu ukajiona fundi, tafuta yanakovujia. Rejeta ikichemka usiiguse, kaa pembeni uwape watoto biskuti mpaka ipoe. Spea isiyo na upepo ni mzigo. Hiyo chupa ya maji hapo miguuni itoe, siku itakapoviringika chini ya pedali ya breki utamkumbuka Dengzika. Na huyu mtoto mbona kapakatwa mbele? "Ananyonya, Pu Deng." "Anyonye nyuma." Kina mama walimcheka, wakahamia nyuma.

Lakini lipo agizo moja ambalo watu hawakulitii, na si kwa ukaidi. Alisema kwamba mtu aliyekesha kwenye msiba asiendeshe gari mpaka alale. Nani kati yetu angelitii hilo? Mtu akifa tunakaa naye, tunapiga ngoma na kuimba mpaka kunapambazuka, na kunapopambazuka kuna kaburi la kuchimba, kuna maiti ya kusafirisha, kuna wageni wa kurudisha makwao. Tumelelewa kwa tlawmngaihna. Mkubwa akikuomba kitu hukatai, ukichoka husemi, na anayesema amechoka wakati wenzake wana msiba jina lake linanuka mtaani mpaka wajukuu. Kwa hiyo Jumamosi watu waliitikia, "Sawa, Pu Deng," na msiba ulipotokea wakafanya kama walivyozoea. Yeye aliwaona na roho ikamuuma. Mara mbili alikwenda kumnyang'anya mtu funguo uwanjani mbele za watu, na mara zote mbili wazee walimwita pembeni wakamwambia kwamba anavunja heshima.

Ijumaa tarehe 8 Novemba mwaka huu alifariki rafiki yake wa tangu siku za utingo, Pu Kailiana. Mtaa ulikesha naye na Dengzika aliimba mpaka nyimbo zikaisha. Asubuhi ya Jumamosi maiti ilikuwa isafirishwe kwenda kuzikwa kijijini kwao, mbele ya Khawzawl. Dereva aliyepangiwa kuwabeba wafiwa akashikwa na homa. Mwenyekiti wa vijana wa mtaa, Mapuia, alitazama huku na huku, akamwona mzee.

"Pu Deng, samahani sana. Wafiwa hawana dereva. Gari lako lipo, na wewe upo."

"Gari liko tayari. Twende."

Rozami alikuwa amesimama hapo na kikombe cha chai alichomletea. Aliyaona macho ya mume wake, mekundu kama pilipili. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Deng, hujalala."

"Nitalala tukifika."

"Si wewe mwenyewe unayewakataza watu?"

"Rozami, watu wanasikia."

Akampa chai. Mapuia naye alikuwa ameyaona yale macho, na wazee waliokuwa karibu waliyaona, na hakuna aliyesema neno, kwa sababu wote macho yao yalikuwa vile vile.

Kabla ya kuondoka alikagua upepo wa matairi, na spea pia. Alikagua maji, mafuta ya injini, mafuta ya breki, taa zote, hata waipa japo anga ilikuwa safi. Alimkalisha Pu Vanhela, mdogo wa Kailiana, kiti cha mbele. Nyuma walikaa mjane, Pi Darkungi, na binti yake Seii. Pi Darkungi alikuwa hajiwezi kwa kilio, hata mkanda hakuuona, hivyo Dengzika alizunguka akamfunga kwa mikono yake, akauvuta mara mbili kuona kama umeshika. Kila kitu ndani ya gari lile kilikaguliwa isipokuwa dereva.

Kabla ya adhuhuri, baada ya kupita Keifang, mahali ambapo barabara ni pana na hakuna wa kumlaumu, gari liliacha njia. Pu Vanhela anasema hakusikia tairi likilia wala honi. Aligeuka kumwuliza kitu akaona kidevu cha Dengzika kimegusa kifua. Akapiga kelele, na kelele zikachelewa. Gari liliteremka korongoni likazuiwa na miti, likiwa limebonyea upande wa dereva. Watatu wale walivunjika na kuchubuka, wakatolewa wakiwa hai. Dengzika alitolewa akiwa anapumua, mbavu zimeingia ndani, akarudishwa Aizawl hospitalini.

Huko alipambana siku kumi. Siku za mwanzo alikuwa na akili timamu na maneno yake yalisikika. Pu Vanhela, mkono ukiwa kwenye plasta, alikuja kumtazama, akainama karibu na sikio lake.

"Ndugu yangu, usiwe na wasiwasi. Tumewaambia watu kwamba ng'ombe alikatiza barabara ukamkwepa."

"Ng'ombe gani?"

"Ng'ombe tu. Ng'ombe wa msituni."

"Rangi gani?"

Pu Vanhela akababaika. "Mweusi."

"Vanhela, nililala," Dengzika akasema. "Hapakuwa na ng'ombe. Nililala."

Pu Vanhela alitoka nje akalia. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alitaka kumlindia rafiki jina, na kila aliyekuja kumwona mgonjwa alikwisha kusikia habari ya ng'ombe. Rozami mwenyewe aliisimulia kwa wageni siku mbili nzima. Nani asingeisimulia? Kwenye foleni ya dawa alisikia mtu nyuma yake akisema, "Huyo ndiye mwalimu wetu wa usalama, jamani," na mwingine akacheka puani. Aliumia. Aliporudi wodini alimkasirikia mume wake kuliko alivyowahi kumkasirikia katika ndoa yao yote, akampangusa uso kwa kitambaa huku amenuna.

"Wakiandika," Dengzika akasema, "waandike nililala."

"Unataka wakucheke mpaka kaburini?"

"Wanicheke. Nitakuwa nimekwisha kufa, watanifanya nini? Lakini hao watakaonibeba, Rozami, watakuwa wamekesha. Hao ndio nawaogopea."

Rozami alikunja kile kitambaa. Alikaa akaufikiria huo msururu wa magari, na vijana ndani yake, na mtoto wao Rinsanga kwenye mojawapo. Baadaye ugonjwa ulimzidi Dengzika, damu ikaingia kifuani, na maneno yakakoma. Alifariki Jumanne, tarehe 19 Novemba 2024, saa tisa na robo alasiri, mke wake akiwa amemshika mguu, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na mipira ya dawa.

Jana jioni familia iliketi jikoni kuandika wasifu huu, wakati watu wanaingia sebuleni na puan za kumfunika marehemu. Binamu yake, Pu Sangzuala, ndiye aliyeshika kalamu, na alikwisha kuandika kwamba marehemu alipata ajali baada ya breki za gari kugoma.

Rozami akauliza, "Breki gani?"

"Shemeji, breki hazina ukoo. Hazitamdhalilisha mtu."

"Wiki ile ile mimi nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti nakanyaga pedali na yeye yuko chini ya gari anatoa hewa. Mguu huu hapa! Unataka nisimame mbele ya watu nisikie kwamba Dengzika, Dengzika huyu, aliwapakia wafiwa kwenye gari bovu?"

"Basi turudi kwenye ng'ombe."

"Sangzuala, futa. Andika alilala."

"Shemeji, mtu amefanya wema mpaka amekufa nao. Tumwaibishe?"

Rozami alianza kulia, akasema huku analia, "Wema ameufanya. Na alilala. Andika vyote viwili, karatasi inatosha."

Pu Sangzuala akafuta. Lakini la pili lilikuwa zito zaidi. Sote tunajua kwamba Dengzika aliomba, na aliomba tangu akiwa mzima, azikwe Hmuntlang kati ya mama na kaka yetu Zakhuma. Mapuia aliingia jikoni kutoa taarifa kwa heshima zote.

"Mama, kila kitu kimepangwa. Tutaimba naye usiku huu, kukipambazuka tunaondoka. Magari yako tayari, madereva wako tayari. Hakuna aliyechoka."

"Hakuna aliyechoka?"

"Hakuna, Mama."

"Dengzika naye hakuchoka," Rozami akasema. "Uliyaona macho yake, Mapuia. Na mimi niliyaona."

Kijana wa watu aliinamisha kichwa. Hakulaumiwa, na familia inataka ijulikane hivyo: hakuna mtu mtaani hapa ambaye angefanya tofauti asubuhi ile. Akatafuta la kusema akasema, "Tunaweza kungoja siku moja, Mama, watu walale, ndipo tuondoke."

"Mtalala? Maiti iko sebuleni, mtakwenda nyumbani kulala?"

Jibu lilikuwa linaimbwa chumba cha pili.

"Basi azikwe hapa," Rozami akasema. "Kaburini mtakwenda kwa miguu."

Mimi, dada yake, nilimwuliza kama ana hakika, maana jambo hilo halirudishiki. Alisema hana hakika. Alisema Deng atamngoja mama yake bure na atamngoja kaka yake bure, na yeye ndiye atakayeulizwa siku watakapokutana, na atajibu. Kisha akatoka akaenda kukaa karibu na jeneza, akalia kwa ajili ya hilo kuliko alivyolia pale hospitalini. Ndiyo maana, ninyi mliotoka Hmuntlang na kuuliza tangu asubuhi kwa nini kaburi limechimbwa hapa, limechimbwa hapa.

Pu Dengzika ameacha mjane, Pi Rozami. Ameacha watoto watatu: Rinsanga na mke wake Mawii, Muani ambaye ni mwalimu Lunglei, na Teia ambaye bado anasoma. Ameacha wajukuu wanne na dada mmoja. Ametanguliwa na wazazi wake, kaka yake Zakhuma, na binti yake mchanga aliyefariki mwaka 1993 kabla ya kupewa jina.

Familia imeamua kuwaandika hapa wengine watatu. Pu Vanhela, Pi Darkungi na Seii si damu yake. Mikanda yao aliifunga au kuikagua yeye, na wamekaa pale mstari wa mbele, mmoja na mkono kwenye plasta, wawili na magongo. Tunawahesabu miongoni mwa aliowaacha hai.

Pi Rozami anawashukuru nyote kwa nyimbo, kwa chai, kwa kuni, kwa puan mlizomfunika nazo. Ana ombi moja tu, na ameomba lisomwe polepole. Mliokesha jana, msiwashe magari. Magodoro yametandikwa kwenye ukumbi wa kanisa na sebuleni kwake, wanawake huku, wanaume kule. Wenye safari za mbali zikiharibika, ziharibike. Mwenye kazi kesho mpigie simu mwajiri umwambie una msiba. Mapuia atapita kati yenu sasa hivi na kapu, kila mwenye funguo azitie humo, na mtarudishiwa mkiamka. Pi Rozami anajua kwamba hili ni aibu kwetu. Anajua kuna atakayesema moyoni mwake kwamba yeye ni mzima, hana usingizi. Kwa huyo ameagiza neno moja: atangulie kuja hapa mbele, amwambie mjane hivyo akiwa anamtazama machoni.

Pumzika kwa amani, Deng. Mama na Zakhuma wako mbali, tusamehe. Hakuna atakayeondoka hapa leo kabla hajalala.